Kutoka Kibaba hadi Kalori: Ni Nani Ahesabuye Mkate?

Maneno huhama kama watu wahamavyo, na neno geni haliji kijijini mikono mitupu. Neno kalori limekwisha kufika Mungaa. Limeletwa na kliniki za kisukari na za shinikizo la damu, limeletwa na simu za vijana, na sasa limo vinywani mwa wastaafu wenzangu, ambao zamani tulikutana tukaulizana habari za mvua na leo twaulizana habari za kilo. Nami ni miongoni mwao, kwani niliagizwa kupunguza uzito. Kilichonifanya nishike kalamu ni jambo moja nililoliona kwa wengi wetu: mtu akishaagizwa hivyo, huacha ugali akanunua mkate. Ukimwuliza sababu, hujibu kwamba mkate unahesabika. Vipande viwili asubuhi, viwili jioni, basi. Ugali je, utauhesabuje?

Jibu hilo linaonekana jepesi, lakini nyuma yake kuna historia ndefu, na mtu asiyeijua huenda akaacha chakula chake kwa sababu isiyo ya kweli.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili cha kale, mkate haukuwa lazima uwe wa ngano. Kamusi za karne ya 19 zinautaja mkate wa mofa, uliotengenezwa kwa unga wa mtama, na mkate wa kumimina. Hata tumbaku iliyosindikwa ikawa bonge iliitwa mkate wa tumbaku. Mkate wa ngano uliookwa dukani ulipewa jina lake maalumu, na hadi leo watu wa Unguja na Mombasa huuita boflo. Bara, mkate wa ngano ulitangulia kufika kama neno la sala kabla ya kufika kama chakula. Wafasiri wa Biblia ya Kiprotestanti, walipofika katika sala aliyoifundisha Yesu, waliandika riziki. Wakatoliki wakabaki na mkate. Kwa hiyo Wakatoliki wengi wa Unyaturu walimwomba Mungu mkate kila siku, huku chunguni wakisonga ugali wa uwele au wa mtama na kuula kwa mlenda. Hakuna aliyeona kasoro. Kila mtu alifahamu kwamba kinachoombwa ni shibe.

Sasa tuje kwenye hesabu. Wako wanaodhani kwamba kupima chakula cha mtu kwa siku ni jambo la juzi, lililoletwa na wazungu wa maabara. Sivyo. Babu zetu walikuwa na kibaba, kisaga na pishi: vibaba viwili ni kisaga kimoja, na vibaba vinne ni pishi moja. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani ikapita Ugogo na pori la Mgunda Mkali, ambalo leo limo katika mkoa wetu wa Singida, hadi Unyanyembe, posho ya mpagazi ilikuwa aghalabu kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Kibaba kilikaribia ratili moja na nusu, yaani kama gramu 680. Nimekokotoa kwa vipimo vya leo: nafaka hiyo hutoa takriban kalori 2,300. Kwa kiasi hicho mtu alitakiwa abebe mzigo wa kilo thelathini na zaidi, jua kali, siku baada ya siku. Twasema haba na haba hujaza kibaba, na mara nyingi hutumia methali hiyo kusifu uvumilivu. Mpagazi aliyekuwa akisubiri kibaba chake jioni aliielewa kwa namna nyingine. Kibaba kilikuwa hesabu, na mwenye kuhesabu alikuwa mwenye msafara, si mwenye kula.

Kalori nayo ilizaliwa katika mazingira kama hayo. Mfaransa Nicolas Clément aliitumia katika miaka ya 1820 alipokuwa akifundisha habari za mashine za mvuke. Kalori tunayoitaja katika chakula ni joto linalotosha kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Mwishoni mwa karne hiyo, Wilbur Atwater wa Marekani alimwingiza mtu katika chumba kilichofungwa, huko Middletown katika jimbo la Connecticut, akapima chakula kilichoingia na joto lililotoka. Kutokana na kazi yake tumepata kanuni inayotumika hata leo: gramu ya wanga hutoa kalori 4, ya protini 4, na ya mafuta 9. Nia yake haikuwa kumkondesha mtu. Alitaka mfanyakazi maskini apate nguvu nyingi kwa fedha kidogo, na kwa hesabu yake unga ulikuwa na thamani kuliko mboga za majani. Vitamini zilikuwa hazijajulikana. Atwater alifariki mwaka 1907, na neno vitamini lenyewe lilibuniwa mwaka 1912. Hesabu yake ilijua joto, haikujua mlenda.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1918. Mwaka huo daktari wa Los Angeles, Lulu Hunt Peters, alichapisha kitabu cha kuwafundisha watu wanene kupungua kwa kuhesabu kalori. Aliwataka wasomaji waache kusema kipande cha mkate, waseme kalori mia za mkate. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vikiendelea, Serikali ya Marekani ilikuwa ikiwahimiza raia wabane matumizi ya ngano, na kupunguza tumbo kukahesabiwa kuwa uzalendo. Hapo ndipo hesabu ilipotoka mikononi mwa mlishaji ikaingia mikononi mwa mlaji.

Naomba msomaji asimame kidogo katika mwaka huohuo, atazame upande wetu. Jirani yetu Ugogo kulikuwa na njaa inayokumbukwa kwa jina la Mtunya. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikakataa. Watu walikufa kwa maelfu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walisema wahenga, na sijui mfano ulio wazi kuliko huu: mwaka mmoja, vita vimoja, huku mtu anajifunza kukata kalori za mkate, na kule mama anachimba mizizi. Simlaumu daktari yule. Nasema tu kwamba hesabu aliyoitunga ilikuwa ya watu waliokwisha kuwa na uhakika wa kesho.

Mkate wenyewe nao ukazidi kujipanga kwa ajili ya hesabu. Tarehe 7 Julai 1928, katika mji mdogo wa Chillicothe, Missouri, ulianza kuuzwa mkate uliokatwa kwa mashine ya Otto Rohwedder. Kipande kikawa sawa na kipande, na ndiyo maana leo tunasema slesi tukajua ukubwa wake bila kuuona. Hapa nyumbani, katika miaka ya 1970, Serikali kwa msaada wa Kanada ilipanua mashamba makubwa ya ngano huko Hanang', jirani zetu wa kaskazini. Mashamba hayo yalifikia kiasi cha ekari laki moja, na Wabarbaig waliokuwa wakilisha mifugo humo walipoteza malisho yao hata wakaenda mahakamani. Kwa hiyo slesi inayoonekana nyepesi kwenye sahani ina uzito wake usioandikwa kwenye karatasi ya kufungia.

Mwaka 1973 iliundwa kwa sheria Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, wakati hofu kubwa ya taifa ilikuwa utapiamlo wa watoto. Utafiti wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wanawake 28 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Utapiamlo haujaondoka, na unene umekwisha kuingia. Nyumba moja yaweza kuwa na vyote viwili. Ndiyo maana siwezi kuwacheka wenzangu wanaohesabu. Kisukari si mchezo, na hesabu hiyo wanaihitaji.

Lakini wahesabu nini? Nilichukua mizani ya jikoni nikapima. Gramu mia za unga, uwe wa uwele, wa mtama, wa mahindi au wa ngano, hutoa kalori zinazokaribiana, kama 350 hivi. Slesi ya gramu 30 ina kalori kama 80. Slesi nne ni 320. Ugali uliosongwa kwa gramu 90 za unga una kiasi hichohicho. Basi ugali nao unahesabika, mradi unga upimwe kabla haujaingia kwenye sufuria. Zaidi ya hayo, unga wa uwele usiokobolewa una makapi yanayokaa tumboni, ilhali mkate mweupe umekwisha kuvuliwa yake. Kisha mkate hauliwi peke yake. Kijiko kidogo cha siagi juu ya kila slesi, vikombe viwili vya chai vyenye vijiko vitatu vya sukari kila kimoja, na zile 320 zinapita 500. Na sisi watu wa Singida, wenye sifa ya alizeti, tukumbuke kwamba kijiko kikubwa cha mafuta yake kina kalori kama 120, sawa na slesi moja na nusu. Mboga ikaangwe, lakini mkono wa kumimina uwe na kipimo.

Kilichofanya mkate uonekane chakula cha kupungua ni kwamba ulifika ukiwa umekatwa, umepimwa na kuandikwa. Ugali wetu haukuandikwa na mtu, kwa kuwa uliliwa katika sahani moja, watu wengi, na kipimo chake kilikuwa tonge na adabu ya kutomaliza kabla ya wenzako. Lugha yetu haikukosa vipimo. Kibaba kimebaki katika methali, pishi imebaki katika zaka, na tonge bado li mkononi. Napendekeza kwamba walimu wa lishe, wanapokuja vijijini, waanze na maneno hayo kabla ya slesi: kikombe hiki cha unga ni kalori kadhaa, kijiko hiki cha mafuta ni kadhaa. Mzee wa Mungaa ataelewa mara moja, na hatalazimika kuacha uwele wake ili ajue amekula kiasi gani.