Sawa ya Jonas na Sawa ya Dzombo

Kila ninapojaribu kuisimulia The Giver kwa Kiswahili, nakwama penye neno moja. Lois Lowry, mwandishi wa Marekani aliyeitoa riwaya hiyo mwaka 1993, anatuonyesha jamii ambayo zamani sana iliamua kuziondoa tofauti zote. Vilima vikasawazishwa, theluji na jua kali vikakomeshwa, rangi zikafutwa machoni mwa watu. Kitabuni uamuzi huo unaitwa Sameness. Mfasiri mwenye haraka ataandika "Usawa", na kamusi itamtetea. Lakini usawa ndilo neno ambalo wasomaji wa Kiswahili wamelipigia makofi majukwaani tangu enzi za uhuru, na ndilo linalopewa nchi yake ya kuishi katika Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi ya mwaka 1995. Jinamizi la Lowry na ndoto ya Mkangi vimelala ndani ya neno lilelile.

Jonas, mhusika mkuu wa Lowry, tunakutana naye akiwa na miaka 11, Desemba inakaribia, naye anatafuta neno la kuitaja hofu yake. Analishika neno moja, analiona kali mno, analiacha na kuchukua la upole zaidi. Kwao kusema kwa usahihi ni sheria. Rafiki yake Asher, alipokuwa na miaka mitatu, alikuwa akiomba kitafunio kwa neno linalofanana nalo kwa sauti, lenye maana ya kupigwa. Kila alipokosea alichapwa kwa kifimbo. Akakosea tena, akachapwa tena, mpaka akaacha kabisa kusema kwa muda. Kisa hiki anakisimulia mkuu wa wazee jukwaani siku ya sherehe ya watoto kutimiza miaka 12, na hadhira inacheka. Kicheko hicho kinanitisha kuliko kifimbo. Baadaye Jonas anawauliza wazazi wake kama wanampenda, nao wanamrekebisha lugha: neno hilo halina maana mahususi, limekaribia kusahaulika.

Walimu wetu hufundisha tafsida kama pambo, tena pambo la adabu, na kwa kawaida ndivyo ilivyo. Hatusemi mtu amekufa. Tunasema ameaga dunia, amefariki, ametangulia mbele ya haki. Tazama vitenzi hivyo: anayetenda ni marehemu mwenyewe. Yeye ndiye anayeaga, yeye ndiye anayetangulia, na hata jina "marehemu" limebeba rehema ndani yake. Katika jamii ya Jonas, wazee, watoto wasiotimiza vipimo na raia waliovunja sheria mara ya tatu "huachiliwa". Hapo kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa, na Kiswahili kinakibana kuliko Kiingereza, kwa sababu msikilizaji wetu akisikia "ameachiliwa" huuliza papo hapo: na nani? Kwa kurasa nyingi hakuna anayeuliza. Kisha Jonas anaonyeshwa picha zilizorekodiwa za baba yake akiwa kazini. Baba huyo ni mlezi wa watoto wachanga, mpole, mwenye utani nyumbani. Wamezaliwa pacha wanaofanana, na sheria haitaki wawili wa sura moja. Anawapima uzito, anamchukua aliye mwepesi, anamchoma sindano utosini, anamweka ndani ya boksi, anamsukuma kwenye tundu la takataka na kumuaga kwa sauti ya uchangamfu. Jibu la swali la "na nani?" ni baba.

Kwa tafsida hiyo moja Lowry amefanya kazi ambayo mwandishi mwingine angehitaji jeshi na magereza kuifanya. Riwaya nyingi za distopia zilizoandikwa kwa vijana baada yake zina uwanja wa mapigano na dikteta wa kumchukia. Humu hamna wa kumchukia, na kwa sababu hiyo msomaji wa miaka 13 anabaki na mzigo mkubwa zaidi.

Mbinu ya pili ni ya kuficha. Hadithi inasimuliwa kwa nafsi ya tatu lakini haitoki nje ya macho ya Jonas, hivyo kile asichokiona yeye hatukioni nasi. Tunasoma sura kadhaa bila kujua kwamba dunia hii haina rangi. Siku moja anarushiana tofaa na Asher, na tofaa linabadilika hewani kwa namna asiyoweza kuitaja. Baadaye nyuso za watu zinafanya hivyohivyo, kisha nywele za rafiki yake Fiona. Ni mzee aliyehifadhi kumbukumbu za jamii nzima anayemwambia kwamba hiyo ni rangi nyekundu. Napenda kwamba imeanza nyekundu. Kiswahili kina vivumishi vitatu vya rangi vyenye mizizi inayopokea viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine nyingi tumezichuma kwenye vitu: kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa. Ukimtajia mtoto wetu rangi ya kijani umeshampa na jani lake. Kwa Jonas jani lipo, lakini rangi imechunwa juu yake, na neno likaondoka nayo.

Mzee huyo anastahili kulinganishwa na wazee wetu. Kumbukumbu za vita, njaa, jua, sikukuu na babu wa babu zote zimepakiwa ndani ya mtu mmoja ili wengine waishi bila maumivu. Kwetu pia mambo ya ukoo huweza kukaa kwa mzee mmoja, lakini mzee huyo anaheshimiwa kwa kusimulia. Mzee wa Lowry anaheshimiwa ili asisimulie. Akimpa Jonas, aliyeteuliwa kumrithi, kumbukumbu kwa kumwekea mikono mgongoni, yeye mwenyewe inamtoka. Akipokea Nishani ya Newbery kwa riwaya hii mwaka 1994, Lowry alimzungumzia baba yake, ambaye uzeeni kumbukumbu zilikuwa zikimponyoka hata akasahau kwamba mmoja wa binti zake alikwisha kufa. Aliueleza pia utoto wake jijini Tokyo, akiwa na miaka 11, ndani ya kitongoji cha Wamarekani kilichozungushiwa uzio, na jinsi alivyokuwa akitoka kwa baiskeli kwenda Shibuya kuona watu na kusikia kelele zao. Nikijua hilo, sishangai kwamba Jonas anatoroka kwa baiskeli.

Dzombo, mhusika mkuu wa Mkangi katika Walenisi, hatoroki. Anashtakiwa, anahukumiwa kifo na kutiwa ndani ya chombo cha angani kilichokusudiwa kuwa kaburi lake. Anajifunza kukiendesha, na kinamfikisha Walenisi, nchi ambako binadamu wanaishi kwa usawa na utu. Mkangi, msomi wa sosholojia kutoka Pwani ya Kenya, aliwekwa kizuizini katika miaka ya 1980. Sidhani aliihitaji sana njozi ili kuandika juu ya hukumu.

Fumbo la kitabu limo ndani ya jina: wale ni sisi. Linavyoandikwa kama neno moja linasikika kama jina la sayari ya mbali. Ukilikata vipande, sayari imeanguka mlangoni kwako. Lowry anachukua neno laini na kuficha kifo nyuma yake, Mkangi anachukua neno geni na kuficha ujirani. Mmoja ametumia tafsida, mwingine kitendawili, na katika vitabu vyote viwili msomaji hajasoma chochote mpaka amelivunja neno. Euphrase Kezilahabi, katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), alikwenda mbali kuliko wote wawili, lakini yeye anatutia ndani ya mafumbo yasiyo na jamii iliyopangwa ya kuikagua, kwa hiyo namwacha kando hapa, kwa heshima.

Walenisi ina udhaifu, na ni haki kuusema. Wenyeji wanaeleza sana, na kuna kurasa ambako riwaya inageuka darasa. Lowry hafundishi hivyo. Anaonyesha boksi na tundu, kisha ananyamaza. Hata hivyo katika maelezo hayo marefu kuna jambo ambalo Lowry ameliondoa kwao Jonas: mgeni anauliza, na mwenyeji anajibu. Jonas anapoteuliwa kuwa mpokeaji wa kumbukumbu anapewa karatasi ya kanuni nane. Moja inamruhusu kumuuliza raia yeyote swali lolote na kujibiwa. Nyingine inamruhusu kusema uongo. Anapatwa na wazo linalomtetemesha: itakuwaje kama watu wazima wote waliandikiwa hivyo kwenye karatasi zao? Ruhusa ya kuuliza imefika pamoja na sababu ya kutoamini majibu.

Hapo ndipo ninapoona njia ya kulitenganisha neno letu. Walenisi watu wako sawa kama washiriki wa mazungumzo. Kwa Jonas wako sawa kama matofali. Hiyo ya pili nikiitafsiri ningeiita mfanano, nikaacha usawa usichafuke. Lakini nasita, kwa maana walioanzisha jamii ya Jonas bila shaka nao walisema "usawa", na walimaanisha. Pengine mfasiri mwaminifu anapaswa kuliacha "Usawa" lile lile, ili msomaji wa Kiswahili ajikwae penye neno alipendalo.

Jonas anaondoka usiku akimbeba Gabriel, mtoto aliyekuwa aachiliwe kesho yake. Anajua kwamba akifika mbali kumbukumbu zitamtoka na kuwarudia watu wake, kama zilivyowarudia miaka kumi iliyopita Rosemary, mpokeaji aliyemtangulia, alipoomba kuachiliwa, na kwamba zitawaumiza. Mwishoni, juu ya kilima chenye theluji, anasikia muziki mbele yake kwa mara ya kwanza. Kisha anadhani anausikia na nyuma, kutoka kule alikotoka, wale nao wakiimba. Au labda ni mwangwi tu.