Unaijua Kua? Mji wa Mafia Wenye Hadithi ya Harusi ya Kutisha

Mdau, ukikaa baharini siku kadhaa kwenye jahazi, miguu inasahau kazi yake. Siku mkitia nanga Mafia kupumzika, usiishie ufukweni kupiga selfi. Vuka mpaka kisiwa cha Juani, vaa viatu vigumu maana chini ni mawe ya matumbawe, halafu kata njia kwa miguu hadi Kua.

Kua ulikuwa mji wa maana, hasa karne ya 18. Mpaka leo zipo kuta za jumba la mtawala, misikiti na makaburi, vyote vya mawe na chokaa. Mibuyu imesimama katikati kama ndiyo wenye nyumba.

Sasa sikia simulizi ya wazee. Magharibi ya kisiwa kikubwa kulikuwa na mji mwingine, Kisimani. Watu wa huko waliunda jahazi, wakawaalika wa Kua kwenye sherehe ya kulishua. Kawaida chombo hushushwa majini juu ya magogo. Siku hiyo, inasemekana, waliwakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza chini mahali pa magogo. Jahazi likapita juu yao.

Kua wakanyamaza. Miaka saba baadaye wakawaalika Kisimani harusini, kwenye chumba cha chini ya ardhi. Watu wakala, wakafurahi. Wenyeji wakaanza kuchomoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja tu akiwachangamsha wageni. Nje, mlango ukazibwa kwa mawe. Mzee naye yumo ndani!

Hayo ni masimulizi ya mdomo. Historia yenyewe inasema karibu na mwaka 1829 Wasakalava kutoka Madagaska walivuka bahari kwa mitumbwi, wakauvamia Kua, wakaua na kubeba watu kwenda utumwani. Mji haukuinuka tena. Ukubwa ukahamia kisiwa jirani cha Chole, walikoishi wenye mashamba ya minazi yaliyolimwa kwa jasho la watumwa.

Ziweke hizo stori mbili pamoja. Kwenye simulizi, watoto wanafanywa magogo. Kwenye historia, watu wazima na watoto wanafanywa mzigo. Chombo kinasonga mbele, binadamu anabaki chini yake. Na wote hao hawana majina, si watoto, si mateka.

Ukirudi Chole jioni utawakuta mafundi bado wanaunda vyombo vya mbao, na siku ya kushua bado watu wanakusanyika kusukuma. Ukipewa nafasi, sukuma nao.

Mimi ninayemuwaza zaidi ni yule mzee. Alijitolea mwenyewe kwa uchungu wa mjukuu, au walimchagua kwa sababu ni mzee na hakuna wa kumtetea? Hakuna aliyelihifadhi jina lake. Wewe ungekuwa Kua siku ile, ungemwacha mle ndani?