Kontakti pointi na Land Rover ya mjomba

Leo tuweke siasa kando kidogo. Mjomba wangu ana Land Rover ya petroli ya mwaka 1965, na amepania kung'oa kontakti pointi afunge mfumo wa kielektroniki wa kupiga cheche. Fundi wake wa miaka mingi hataki hata kusikia. Anasema siku kidude hicho kikifa porini, yeye asipigiwe simu. Gari lenyewe ndilo linalobeba mahindi ya ukoo kila msimu, kwa hiyo ubishi huu si wa kijiweni tu. Nikaamua kuchimba historia.

Mfumo anaoutetea fundi una zaidi ya miaka mia moja. Aliyeufanya ushike ni Charles Kettering, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mashine za kupokelea pesa madukani, mjini Dayton, Ohio. Mwaka 1909 yeye na Edward Deeds walianzisha kampuni ya Delco, na mfumo wao ukafungwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1910. Umeme wa betri unapita kwenye koili kupitia vipande viwili vya chuma vinavyogusana. Kemu iliyo ndani ya distributa inavisukuma viachane, umeme unakatika ghafla, na hapo koili inazaa maelfu ya volti zinazokimbilia kwenye plagi. Cheche hiyo!

Sasa piga hesabu. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi zinafunguka mara 6,000 kwa dakika hiyo hiyo. Ndiyo mara 100 kwa sekunde! Kondensa inapunguza mlipuko pale zinapoachana, lakini bado zinaungua. Kile kisigino kinachosugua kemu nacho kinalika, nafasi inapungua na cheche inaanza kuchelewa. Ndiyo maana fundi wa zamani hatembei bila msasa na fila ya kupimia. Kwa distributa za Lucas za Land Rover hizi, nafasi ni kama milimita 0.35 hadi 0.40.

Mapinduzi yalianzia maabara. Mwaka 1947 John Bardeen na Walter Brattain, wakiwa Bell Labs nchini Marekani, walionyesha transista ya kwanza. Transista inaweza kukata umeme wa koili bila chuma kugusana na chuma. Vifaa vingi vya leo vya kubadilishia magari ya zamani vinatumia pia ugunduzi wa Edwin Hall wa mwaka 1879, yaani sumaku ikipita karibu, kifaa kinahisi na kutoa ishara. Hakuna kinachosuguana.

Lakini kilichosukuma viwanda vihame kwa haraka ni moshi. Marekani ilipitisha sheria kali ya hewa safi mwaka 1970. Chrysler ikaweka cheche za kielektroniki kwenye magari yake yote ya Marekani ya mwaka 1973, na General Motors ikafuata mwaka 1975. Mwaka huo ndipo vichujio vya moshi vilipoenea kwenye ekzosi za magari mapya huko. Plagi ikikosa cheche, petroli isiyoungua inakwenda kuua kichujio hicho. Pointi zilizochakaa zikawa hasara.

Huku kwetu hesabu ilikuwa nyingine kabisa. Peugeot 404 zilizoshinda Safari Rally mwaka 1963 na tena mfululizo 1966 hadi 1968 zilikuwa za zama za pointi. Kisha ikaja dhiki ya miaka ya mwanzo ya 80, vipuri adimu, na pointi ikipigwa msasa mpaka inakaribia kwisha. Mwaka 1984 Tanzania iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na miaka iliyofuata magari yaliyotumika ya Japani yakajaa, mengi yakiwa hayana pointi tena. Leo kuna vijana gereji ambao hawajawahi kuzitega.

Hapo ndipo namwelewa fundi. Pointi zikichoka zinakuonya, gari linakohoa, unasimama chini ya mwembe unazisugua. Moduli ikifa inakufa kimya, na msasa hausaidii kitu.

Hata hivyo, kwa maoni yangu mjomba abadilishe, maana pointi nzuri zenyewe zimekuwa shida kupatikana. Ila kwanza akague betri. Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zilifungwa chanya kwenye bodi, wakati moduli nyingi zinataka hasi. Ukikosea nyaya, unaiunguza siku hiyo hiyo. Pia asiache swichi imewashwa injini ikiwa imezima, na koili ilingane na moduli.

Na zile pointi za zamani pamoja na kondensa? Azisafishe, azifunge kwenye kitambaa, aziweke chini ya kiti na fila yake. Halafu amwombe fundi amfundishe kijana mmoja wa pale nyumbani kuzitega, angali na nguvu za kufundisha.