Land Rover 109 ya babu au RAV4: ipi ya mlimani?

Wadau, kila Desemba watu wa Moshi wakirudi kihambani kula Krismasi, kuna ubishi haukosekani: Land Rover 109 ya babu iuzwe inunuliwe RAV4, au ibaki? Kabla hamjampigia dalali, pitieni hapa kwanza.

UMRI: Land Rover ilianza 1948 kule Uingereza. Series III, toleo la mwisho la 109, ilitengenezwa 1971 hadi 1985. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. RAV4 ya kwanza ilitoka Japani 1994.

BODI: Baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao, ndiyo maana Land Rover ikavishwa alumini. Bodi haili kutu, kinacholiwa ni chesisi ya chuma. Ukiikagua, lala chini uangalie uvunguni, rangi isikudanganye. RAV4 haina chesisi ya peke yake, bodi ndiyo imebeba kila kitu.

INJINI: Moshi mjini ni mita 800 na ushee, geti la Marangu ni zaidi ya 1,800. Ukipanda, hewa inapungua. Kabureta ya 109 haijui hilo, inamwaga petroli ile ile, basi gari linakosa nguvu na linakunywa. RAV4 ina sensa zinazopima hewa na kupunguza mafuta zenyewe.

TOPE: Masika njia za udongo za Kibosho na Uru ni sabuni tupu. 109 ina gia nzito za ziada, inatambaa polepole mpaka juu. RAV4 hata ikiwa ya foo-wili, gia hizo haina, halafu iko chini.

UFUNDI: 109 ikizima, fundi wa kijijini anaangalia plagi, platini na kabureta, spana mkononi. RAV4 ikifa sensa, lazima ipate mashine ya kupimia. Ila spea zake zimejaa mjini.

USALAMA: Hapa jamani tusitaniane. 109 ina breki za dramu magurudumu yote manne. Haina ABS wala eabegi, na abiria wa nyuma hukaa kwenye mabenchi ya ubavuni, mara nyingi bila mkanda. Ukiteremka mlima mrefu umekanyagia breki muda wote, dramu zinapata moto, breki zinakataa. Usalama wako ni mmoja: teremka na gia ile ile ambayo ungepandia.

Kwa hiyo watoto wa shule na mgonjwa wa kuwahishwa hospitali wapande RAV4, barabara ikiruhusu. Ndizi na majani ya ng'ombe kutoka tambarare ni kazi ya 109.

Na kama mmeamua kuiuza, msiitoe kwa bei ya chuma chakavu. Oktoba 2024 Arusha ilifurika Land Rover kwenye tamasha lao, wenye mapenzi nazo wapo.

Haya wadau, kwenu babu ameacha nini?