Kete ya Jipcho

Anayeingia Eldoret hakawii kukutana na jina la Kipchoge Keino: liko kwenye uwanja wa michezo, liko kwenye shule. Lakini ushindi mkubwa kuliko wote wa mkimbiaji huyo ulichezwa kama sataranji, na kete iliyotolewa kafara mapema ilikuwa kijana wa Mlima Elgon, Ben Jipcho.

Ilikuwa Oktoba 20, 1968, fainali ya mita 1,500 ya Olimpiki mjini Mexico City. Mpinzani alikuwa Jim Ryun, Mmarekani wa miaka 21, mwenye rekodi ya dunia ya 3:33.1. Siku alipoiweka, mwaka mmoja kabla, Keino ndiye aliyefika wa pili. Silaha ya Ryun kila mtu aliijua: mzunguko wa mwisho. Kufika naye hapo bega kwa bega kulikuwa sawa na kumkabidhi medali.

Keino, tena, alikuwa mgonjwa. Vijiwe vya nyongo vilimtesa hadi akaanguka katika mita 10,000 wiki moja kabla, ingawa katikati ya maumivu hayo alijipatia fedha ya mita 5,000.

Basi Jipcho akafyatuka. Mzunguko wa kwanza aliuvuta kwa takriban sekunde 56, mwendo wa kujimaliza katika mji ulio mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Ryun alikuwa amepiga hesabu kwamba katika hewa nyepesi kama ile 3:39 ingetosha. Akakaa nyuma, akingoja walio mbele wakatike pumzi. Keino, mzaliwa wa nyanda za juu za Nandi, hakukatika. Alishika uongozi na kuzidi kujitenga, akamaliza kwa 3:34.9. Ryun alikuwa kama mita 20 nyuma, kwa 3:37.8. Alikimbia vyema kuliko hesabu yake mwenyewe, na bado akashindwa. Muda wa Keino ulikuwa rekodi ya Olimpiki, nayo ilidumu hadi 1984.

Jipcho alimaliza wa 10, na baadaye alimwomba Ryun radhi. Hakuwa na deni kwa mtu. Mzunguko ule ulistahili kipande cha dhahabu.

Munich 1972, katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Keino alitwaa dhahabu, Jipcho fedha. Mwaka uliofuata Jipcho akavunja rekodi ya dunia ya mbio hizo, na 1974, mjini Christchurch, akabeba dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola, safari hii akijikimbilia mwenyewe. Alifariki mjini Eldoret Julai 2020.