Kutoka kwa Bibi Mkunga hadi Mwaka wa Utarajali

Kihonda huamka mapema. Ukungu ukiwa bado umeikalia milima ya Uluguru, daladala zinazotoka Maghorofani na Bima zimeshajaa watu wanaokwenda Msamvu na mjini: vibarua, wanafunzi, akina mama wenye vikapu. Miongoni mwao wamo vijana waliokunja sare nyeupe ndani ya mkoba, wakiwahi makabidhiano ya zamu katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro. Wamemaliza shahada ya uuguzi ya miaka 4, wamevaa joho, wamepigwa picha na wazazi. Mbele ya sheria, hata hivyo, safari haijaisha. Wanaitwa watarajali, na kwa miezi 12 kila wanachomfanyia mgonjwa hufanyika chini ya macho ya mwingine.

Mtarajali ni mtu anayetarajiwa. Katika mwaka huo huzungushwa wodi baada ya wodi: wagonjwa wa ndani, upasuaji, watoto, wazazi, afya ya akili. Ana kitabu chake cha kumbukumbu, na kila alichokifanya sawasawa msimamizi hukitilia saini: kuingiza mpira wa mkojo, kuhesabu matone ya dripu, kujaza patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu, ya mama anayejifungua bila kuruka saa hata moja. Bila mwaka huo mhitimu wa shahada hapati usajili kamili, na bila usajili hakuna leseni. Upo pia mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ambao wahitimu hukesha wakiusomea kama vile hawajawahi kufanya mtihani maishani. Anayefanya kazi ya uuguzi Tanzania Bara bila leseni anavunja Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Zanzibar ina baraza lake.

Wazazi wengi huuliza, na wana haki ya kuuliza: mtoto amesoma miaka yote hiyo, bado nini? Jibu lake haliko kwenye sheria ya 2010 pekee. Liko kwenye swali kongwe kuliko baraza lolote, swali la nani mwenye haki ya kusema kwamba mikono hii sasa inaweza kuachwa peke yake na mgonjwa.

Katika vijiji vya Uluguru, ambako ukoo hufuata upande wa mama, jibu lilikuwa kwa wanawake wazee. Mkunga hakujitangaza. Alianza kwa kuchemsha maji na kushika taa, akiwa nyuma ya mama yake, bibi yake au shangazi, mwaka baada ya mwaka, hadi siku mkubwa aliposogea pembeni na kumwachia nafasi. Cheti chake kilikuwa ni kule kusogea. Waswahili husema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na methali hiyo inaonyesha uzito wa mamlaka waliyokuwa nayo: kila nyumba ilijua kwamba siku moja itawahitaji. Ujuzi wao ulikuwa na mipaka mikubwa, na mama aliyetokwa damu nyingi mara nyingi hakuokoka. Lakini wazo la kumtazama mwanafunzi akiwa kazini, kwa muda mrefu, kabla ya kumwachia roho ya mtu, halikuletwa na meli.

Kilicholetwa na meli ni daftari la usajili. Florence Nightingale alipofungua shule yake ya wauguzi katika Hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860, hakuwa mpenzi wa usajili wa serikali. Aliamini kwamba tabia ya muuguzi haiwezi kupimwa kwa mtihani. Inafaa kukumbukwa pia kwamba kile kiapo chenye jina lake, kinachosomwa kwenye mahafali huku mishumaa ikiwaka, hakukiandika yeye. Kiliandikwa Detroit, Marekani, mwaka 1893, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter.

Nchi ya kwanza duniani kuandikisha wauguzi kwa sheria haikuwa Uingereza wala Marekani. Ilikuwa Koloni la Rasi, kusini kabisa mwa Afrika, mwaka 1891. Aliyelipigania jambo hilo ni Henrietta Stockdale, mtawa wa Kianglikana aliyekuwa akifundisha wauguzi katika hospitali ya Kimberley, mji wa machimbo ya almasi ambako ajali na homa ziliwajaza watu vitandani. New Zealand ilifuata mwaka 1901 kwa sheria ya wauguzi peke yao. Uingereza yenyewe ilingoja hadi 1919, baada ya ubishi wa miongo mitatu, ndipo jina la Ethel Gordon Fenwick likaandikwa namba 1 kwenye daftari lake.

Na daftari la Rasi halikubaki la Wazungu peke yao. Cecilia Makiwane, binti wa mchungaji wa Kixhosa, alisomea uuguzi katika Hospitali ya Victoria huko Lovedale, akafaulu mtihani wa serikali, na Januari 1908 akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kusajiliwa kama muuguzi kamili katika nchi hiyo. Katika nchi iliyokuwa ikijiandaa kumnyima mtu mweusi karibu kila haki, karatasi ile moja ilisema jambo ambalo hakuna aliyeweza kulifuta: huyu amepimwa kwa kipimo kilekile, na amefaulu.

Tanganyika ilichukua njia ndefu zaidi. Kulikuwa na hospitali, ikiwemo ile ya Dar es Salaam iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo, mwishoni mwa karne ya 19. Chini ya Waingereza, kuanzia mwaka 1926, serikali za wenyeji zilianza kuajiri madresa, vijana waliofundishwa kwa muda mfupi kufunga vidonda na kugawa dawa chache katika zahanati za vijijini. Kazi nyingine ya kufundisha ilibebwa na misheni. Katika mkoa huu wa sasa wa Morogoro, Wakapuchini na masista wa Baldegg kutoka Uswisi waliifanya Ifakara kuwa kituo kikubwa cha tiba katika bonde la Kilombero, na chuo cha uuguzi cha huko hadi leo kina jina la Edgar Maranta, Mkapuchini aliyekuwa askofu mkuu wa Dar es Salaam. Upande wa kaskazini, Waanglikana walikuwa na hospitali yao Berega. Msichana aliyefundishwa na masista alijua kazi, lakini kuthibitishwa kwake kulitegemea sana neno la sista aliyemfundisha. Matroni akimsifu, alikuwa muuguzi. Mtindo huo haukuwa mbali na ule wa bibi wa Uluguru. Tofauti ni kwamba bibi alikuwa akimjua mama mzazi, baba mzazi na hata babu wa mtoto anayezaliwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ndipo sheria ya kuwasajili wauguzi na wakunga, Sura ya 325 ya sheria za Tanganyika, ilipolianzisha Baraza. Sasa palikuwa na daftari moja la nchi nzima. Mwaka 1956 ilifunguliwa Dar es Salaam hospitali mpya ya Princess Margaret, ambayo leo ni Muhimbili, na wauguzi wakuu wa zama hizo walikuwa Waingereza.

Uhuru ukawaondoa wengi wao. Bendera ilipopanda Desemba 9, 1961, wodi zilikuwa zinaanza kubaki bila wasimamizi. Mwalimu Nyerere akakiomba msaada chama cha ANC cha Afrika Kusini, na mwishoni mwa 1961 na mapema 1962 wakaja wauguzi 20 weusi, wahitimu kamili, wakitoroka nchi ya ubaguzi kwa njia za siri. Walitawanywa hospitalini, na wengi hawakurejea kwao kwa miaka 30. Ni kisa ambacho hakisimuliwi vya kutosha katika historia ya tiba ya Tanzania. Wanawake hao walikuwa wajukuu wa kitaaluma wa Cecilia Makiwane, na usajili wao ndio uliowafanya waweze kupokea wodi bila kuanza upya darasani. Ndivyo daftari la Rasi lilivyoifikia Tanganyika.

Waafrika Kusini walikuja hadi jirani kabisa na Kihonda. Baada ya machafuko ya Soweto ya 1976, Tanzania iliwapa ANC shamba la zamani la mkonge la Mazimbu. Ikajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria mwaka 1979, na mwaka 1984 ikafunguliwa hospitali kwa msaada wa Waholanzi. Mwaka 1992 yote yalikabidhiwa kwa Tanzania, na leo Mazimbu ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mkazi wa Kihonda anayepeleka mtoto kutibiwa huko anapita kwenye malango yaliyojengwa na wakimbizi.

Taifa changa, katika miaka ya baada ya uhuru, lilikuwa na haraka. Wauguzi walikuwa wa madaraja: daraja la A kwa waliomaliza sekondari, daraja la B kwa wale wa elimu ya chini zaidi. Hata hao hawakutosha. Katika miaka ya 1970, nchi ilipokuwa ikiimba kampeni ya Mtu ni Afya redioni, serikali ilianza kuwafundisha wasichana waliomaliza darasa la saba kwa miezi 18 ili wawe wahudumu wa afya ya mama na mtoto. Shule zao zilisambazwa mikoani. Wasichana hao walikwenda kwenye zahanati ambazo daktari hajawahi kufika, wakapima mimba, wakachanja watoto, wakazalisha usiku kwa mwanga wa kandili.

Baadaye viwango vikapanda, na waliozalisha nusu ya kijiji wakaambiwa warudi shule. Kozi za kuwaendeleza kuwa wauguzi wa afya ya jamii ziliwekwa, na Morogoro ilikuwa na shule yake ya uuguzi wa afya ya jamii. Ni rahisi kuona katika hilo dharau ya karatasi dhidi ya uzoefu. Lakini mwanamke mwenye uzoefu wa miaka 15 ambaye hakuwahi kufundishwa dawa mpya ya kuzuia damu baada ya uzazi ni hatari kwa mama anayempenda. Kosa halikuwa kuwarudisha darasani. Kosa, pale lilipotokea, lilikuwa kuwaacha wajilipie na kuwapanga chini ya wasichana waliowafundisha wenyewe.

Shahada ya kwanza ya uuguzi nchini ilianza Muhimbili mwishoni mwa miaka ya 1980. Sheria mpya ya usajili ikaja mwaka 1997, kisha hii ya 2010 inayotumika sasa, iliyoweka leseni kuwa kitu tofauti na usajili. Usajili husema wewe ni nani. Leseni husema unaruhusiwa kufanya kazi sasa, na ina ukomo: ili kuihuisha, muuguzi lazima aonyeshe kwamba ameendelea kujifunza.

Matunda ya kupima na kufundisha yapo. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulipata 104. Vituo vilivyojengwa, damu salama na magari ya wagonjwa vina sehemu yao, lakini vitu hivyo havimzalishi mtu. Mtu huzalishwa na mikono.

Hapa ndipo penye jambo linalopaswa kusemwa wazi. Utarajali umewekwa kwa wenye shahada. Wahitimu wa cheti cha miaka 2 na stashahada ya miaka 3 hufanya mazoezi ya wodini wakiwa chuoni, hufanya mtihani wa Baraza, kisha huomba usajili na leseni moja kwa moja. Mwenye shahada aghalabu huishia hospitali kubwa, penye daktari ghorofa ya pili na mkuu wa wodi mezani. Mwenye cheti ndiye anayepangiwa zahanati, ambako wahudumu ni wachache na usiku huweza kuwa zamu yake peke yake. Yaani mwaka wa kutazamwa amepewa yule ambaye angetazamwa hata bila sheria, na yule atakayekuwa peke yake akaanza peke yake. Kuwaongezea wote miezi 12 kunahitaji fedha za posho na wasimamizi wasiokuwepo, na nchi haiwezi kuzingojesha zahanati zake mwaka mzima zaidi. Lakini miezi 3 katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, na msimamizi mwenye wajibu wa kutia saini, si ndoto.

Katika milima ya Uluguru jambo hili si nadharia. Barabara za kupanda Kinole, Matombo na Mgeta huteleza Aprili, na bodaboda humshusha abiria amalizie kwa miguu. Muuguzi mpya hufika juu na begi lake na leseni yenye wino mbichi. Mara nyingi mama wa kwanza kumjia na uchungu haji peke yake. Huletwa na mkunga wa jadi wa kijiji, kwa maana serikali imewataka wazee hao wasizalishe tena nyumbani bali wawasindikize wajawazito kituoni. Bibi huketi kwenye benchi, mlango ukiwa wazi kidogo, na humtazama yule binti akivaa glavu.