Bomu la Phoenix na Shule ya Wachunguzi

Tarehe 2 Juni 1976, bomu lililotegwa chini ya gari la Don Bolles, mwandishi wa gazeti la Arizona Republic, lililipuka katika maegesho ya hoteli mjini Phoenix, Marekani. Alifariki siku 11 baadaye. Bolles alikuwa mwanachama wa Investigative Reporters and Editors, kwa kifupi IRE, chama kisicho cha faida kilichoundwa 1975 ili waandishi wa habari za uchunguzi wafundishane kazi. Wengi hukikumbuka chama hicho kwa kifo cha Bolles, na ni haki. Hata hivyo, kilichokidumisha ni kuwafanya washindani wagawane maarifa ambayo kila gazeti lilizoea kuyaficha.

Msimamo huo ulipimwa papo hapo baada ya mauaji hayo. Chini ya Bob Greene wa gazeti la Newsday, waandishi 38 kutoka vyombo 28 vya habari waliungana kuchunguza rushwa, utapeli wa ardhi na magenge ya Arizona, na Machi 1977 zikatoka makala 23. New York Times na Washington Post hayakushiriki. Wakosoaji walisema magazeti hukaguana kwa kushindana. Yakikosea kwa pamoja, nani atayasahihisha? Hoja hiyo si ya kupuuzwa: Arizona Republic lenyewe halikuchapisha mfululizo huo, na kesi za kashfa zilifuata. Lakini ushindani haukumlinda Bolles. Anayebeba siri peke yake huzikwa nayo. Ikishikwa na watu 38, muuaji hana anachokiokoa kwa kuua. Na dawa ya kukosea kwa pamoja ni kuwafundisha wengi zaidi kusoma nyaraka na kuzihakiki.

Kazi hiyo ndiyo IRE imeifanya tangu ilipohamia Chuo Kikuu cha Missouri mwaka 1978. Katika miaka ya 1980 Elliot Jaspin, mwandishi wa Rhode Island, alilinganisha kwa kompyuta orodha ya madereva wa mabasi ya shule na rekodi za makosa ya barabarani, akakuta wahalifu kwenye usukani. Angeweza kuificha mbinu hiyo. Badala yake alikwenda Missouri kuifundisha, na mafunzo hayo baadaye yakaunganishwa na IRE.

Mwaka 2007 mhariri Chauncey Bailey alipouawa Oakland, California, waandishi wa vyombo mbalimbali waliungana tena kwa mfano wa Arizona. Mwaka 2011 aliyeagiza mauaji hayo alitiwa hatiani.